Je, wajua? Sororiti za Marekani huhesabu abiria kwanza, ndipo zichonge viti

Agosti 2021 TikTok ilijaa wasichana wa Chuo Kikuu cha Alabama, mjini Tuscaloosa, kila mmoja akieleza gauni lake kalinunua wapi na bangili kaitoa wapi. Walikuwa wakiomba kuingia sororiti, yale majumba ya akina dada wa chuoni yenye majina ya herufi za Kigiriki. Nami nikapiga hesabu ya harakaharaka: wasichana zaidi ya elfu mbili, majumba hayafiki hata ishirini na tano, basi wengi watarudi bwenini na machozi.

Nilikosea, tena tangu mwanzo wa hesabu. Nilidhani nafasi ni kama viti vya daladala: vipo kumi na vinne, wa kumi na tano asimame au ashuke. Kumbe idadi ya nafasi hutokana na waombaji wenyewe. Wale waliofika raundi ya mwisho ya mialiko huhesabiwa, idadi yao ikagawanywa kwa idadi ya majumba, na jibu, kwa makadirio, ndilo kila jumba linaloruhusiwa kupokea. Wakija wengi, kila jumba hupokea wengi. Kwa hiyo kugawanya nafasi kwa waombaji ili kupata "asilimia ya kufaulu", kama nilivyofanya mimi, ni kupima kivuli.

Sheria hizi zinasimamiwa na National Panhellenic Conference, baraza lililoanzishwa 1902 na lenye sororiti 26.

Sasa, kwa nini jumba linalopendwa na kila mtu lisialike kila mtu, likamaliza wasichana wote? Fikiria harusi mbili siku moja, kila ukumbi watu mia mbili. Bi harusi wa kwanza pilau ya kwao inasifika mji mzima. Akigawa kadi mia mbili, watakuja mia mbili na watoto juu. Wa pili anajua nusu ya waalikwa watatoa udhuru, kwa hiyo anagawa kadi mia nne. Wa kwanza naye akigawa mia nne, mia mbili kati yao wamevaa na kusuka nywele bure, na ukumbi wa pili umebaki mtupu. Majumba hupangiwa vivyo hivyo: kila raundi, kwa kutazama wangapi walirudi miaka iliyopita, jumba maarufu hulazimika kuwaacha wasichana wengi mapema, lile lisilo maarufu likaruhusiwa kualika zaidi. Ndiyo maana msichana mwenye alama nzuri hukataliwa siku za mwanzo na majumba matano kwa mpigo. Anaona kadharauliwa, kumbe kadi ndizo zilizokuwa chache.

Usiku wa mwisho msichana huandika majumba kwa mpangilio wa mapenzi yake, majumba nayo yakaandika orodha zao, kisha zikaoanishwa. Kwa kawaida, aliyekubali kila mwaliko aliopata na kuorodhesha kila jumba alilokwenda mwishoni hupatiwa pahali, hata kama jumba litazidisha idadi yake. Anayekosa mara nyingi ni yule aliyejitoa njiani, au aliyeandika jumba moja tu akisema hilo ama basi. Mwaka 1991 wachumi Susan Mongell na Alvin Roth walichapisha utafiti juu ya uoanishaji huu wa sororiti, na tabia hiyo ya kuandika jumba moja waliikuta kwa wingi. Roth alipata Nobeli ya uchumi mwaka 2012. Sikutarajia kumkuta huku kwenye magauni.

Lakini kupatiwa pahali hakumaanishi kutendewa haki. Hapohapo Alabama, Septemba 2013, gazeti la wanafunzi The Crimson White lilifichua kwamba sororiti za jadi za wazungu zilikuwa zikiwaacha waombaji weusi, na shinikizo likatoka kwa wanachama wa zamani. Hesabu ya kadi haioni orodha iliandikwaje.

Na kama umemsikia Kamala Harris akiisifia sororiti yake, Alpha Kappa Alpha, iliyozaliwa Chuo Kikuu cha Howard mwaka 1908, haya yote yaweke kando. Sororiti za Wamarekani weusi hazimo katika baraza hili. Zina utaratibu wao, na wiki ya magauni haimo.