Mitego Ndani ya Polithini

Ukiitazama polithini kwa jicho la mkemia, huoni sababu yoyote ya kushika chaji. Mnyororo wake ni kaboni na hidrojeni tu, na tangu ilipogunduliwa Uingereza mwaka 1933 imekuwa kihami, yaani kitu kisichopitisha umeme, cha kutegemewa. Hata hivyo, ukiifanya kihami cha kebo ya mkondo mnyoofu (umeme uendao upande mmoja tu) wa volti kubwa, chaji hujikusanya ndani yake na kuweza kubaki humo kwa saa nyingi. Kwa mkondo geu tatizo huwa dogo, kwa kuwa uga wa umeme, yaani nguvu inayoisukuma chaji, hugeuka upande kila mara kabla chaji haijafika mbali.

Siri iko katika mpangilio. Polithini iliyoyeyushwa inapopoa, sehemu ya minyororo yake hujikunja na kuwa vibamba vya fuwele vyenye unene wa takriban nanomita 10, navyo hutawanyika kama miali kutoka kwenye kiini kimoja hadi kuunda matufe madogo. Kati ya kibamba na kibamba hubaki minyororo iliyovurugika. Elektroni ya ziada haipati makao mazuri ndani ya fuwele, kwa hiyo hukimbilia nafasi zilizolegea kati ya minyororo hiyo na kunaswa. Mahali hapo tunapaita mtego.

Mitego hiyo haina kina kimoja, yaani nishati inayohitajika ili elektroni itoke, nayo hupimwa kwa elektronivolti. Unaotokana na mnyororo kujipinda tu huwa na kina cha elektronivolti 0.3 hivi au chini yake, na elektroni hujinasua humo kabla ya sehemu moja ya milioni ya sekunde kwisha. Unaotokana na kemia, kwa mfano pale oksijeni iliposhikamana na kaboni kwa sababu plastiki ilipashwa moto kupita kiasi, waweza kufikia elektronivolti 1, na hapo hesabu ya halijoto ya chumba inatoa saa kadhaa. Kina kimeongezeka kama mara tatu, ilhali muda wa kifungo umeongezeka mara mamia ya mabilioni!

Namna ya kupoza nayo ina neno lake. Fuwele inapokua husukuma nje kila kisichoingia katika safu zake, zikiwamo dawa za kuzuia oksijeni na, katika polithini ambayo minyororo yake imeunganishwa kwa kemikali ya peroksaidi, mabaki ya kemikali hiyo kama asetofenoni. Uchafu huo huishia kwenye mipaka ya matufe, penye mitego tayari. Ndiyo maana kebo mpya hukaa siku kadhaa kwenye joto ili mabaki yatoke, kazi ambayo wengi huiona ya kupoteza muda, nami sikubaliani nao hata kidogo.

Katika maabara wataalamu huipima chaji kwa kupiga sampuli pigo fupi la umeme, kisha kusikiliza wimbi la sauti linalotoka pale chaji ilipo. Kulombi 1 (kipimo cha chaji) kwa mita ya ujazo huonekana kidogo kwenye grafu, lakini ikienea sawasawa katika unene wa milimita 1, uga kati ya uso mmoja na mwingine hutofautiana kwa karibu kilovolti 49 kwa milimita. Kibaya zaidi ni pale chaji iliyoingia kutoka kwenye elektrodi (kipitishi cha umeme kinachogusa kihami) ikiwa bado imekaa kando yake na mwendeshaji akageuza ncha za volti: chaji iliyokuwa ikipunguza uga mahali hapo sasa huuongeza, na mitego yenye kina haiwezi kuiachia kwa wakati.