Jiwe la mviringo si ushahidi wa mto

Ukitaka kuyaelewa mawe ya Mwanza, usianze na Jiwe la Bismarck wala majabali ya Capri Point. Tafuta mahali mlimani ambapo vijana wanachimba msingi wa nyumba, omba ruhusa, shuka shimoni. Chini ya udongo wa juu utakuta kitu ambacho kwa macho ni graniti kamili, kila chembe iko mahali pake, lakini ukikikwaruza kwa ukucha kinamong'onyoka na kubaki mchanga kiganjani. Mafundi watakwambia jiwe limeoza, na wako sahihi kabisa. Endelea kuchimba: sururu inagonga kitu kigumu, cheche zinaruka. Ni jiwe zima, mviringo, limekaa ndani ya ule uozo likiwa limezungukwa na maganda kama kitunguu.

Graniti hii ilipoa kilomita kadhaa chini ya ardhi, zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita. Miamba iliyokuwa juu yake ilipoliwa na kuondoka, mzigo ukapungua, graniti ikatanuka na kupasuka nyufa zinazokatana, ikagawanyika vipande vyenye pembe. Maji ya mvua, yakishachukua kaboni dayoksaidi ya hewani na ya kwenye udongo, huwa tindikali hafifu. Hayo ndiyo yanayopenya kwenye nyufa. Feldispa, ambayo ni sehemu kubwa ya graniti, hugeuka polepole kuwa udongo wa mfinyanzi. Kwatzi, madini mengine yaliyomo kwenye graniti, haigeuki, hubaki chembe za mchanga. Sasa piga hesabu: uso wa kipande unashambuliwa kutoka upande mmoja, ukingo kutoka pande mbili, pembe kutoka pande tatu. Pembe lazima zitangulie kuoza. Kipande cha mraba kinakuwa mviringo bila kusogea hata inchi moja. Mvua za miaka mingi zikishauzoa ule uozo, majabali yanabaki yameegemeana pale pale yalipokuwa tangu mwanzo.

Wengi hapa mjini wanaamini ziwa ndilo lililoyasugua. Nalipenda ziwa, ila sifa hii si yake. Ziwa Victoria linakadiriwa kuwa na umri wa miaka 400,000 hivi, na kama miaka 15,000 iliyopita lilikuwa limekauka. Kwa jiolojia huyo ni mtoto. Pale Kamanga, kwenye kivuko, mawimbi yamefanya kazi ya kufagia tu. Umbo lilishatengenezwa gizani.

Uozo uliofagiwa umekwenda wapi? Toka mjini uelekee Misungwi utauona njiani. Juu ya kilima mawe yamebaki wazi. Chini yake kuna luseni, ule mchanga ambao Wasukuma hulima mihogo na karanga. Bondeni kabisa kuna mbuga, udongo mweusi unaopasuka kiangazi na kushika maji masika, penye majaruba ya mpunga. Kilima kimoja kimechambuliwa na maji: chembe nzito karibu, laini mbali, na kilichozidi kiko ziwani. Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyekuwa Amani kule Usambara, aliupa mpangilio wa namna hii jina la katena mwaka 1935, na jina hilo linatumika dunia nzima hadi leo.

(Kwa wanaojenga mlimani: ule uozo ndio unaoshikilia jabali lililo juu ya kiwanja chako. Usiuchimbe upande wa chini ya jabali bila kumwita mtu anayejua.)

Basi ukionyeshwa picha ya jiwe la mviringo kutoka sayari nyingine, usikimbilie kusema mto. Uliza kwanza majirani zake ni akina nani. Mwanza jabali na jirani yake ni graniti ile ile, na nyufa zao zinaoana. Mtoni ni mchanganyiko: mawe ya asili tofauti, yamegongana njiani hadi pembe zikaisha, yakatuama pamoja kwa ukubwa unaokaribiana.

Kigari cha Curiosity kilitua kwenye kreta ya Gale, shimo kubwa lililochimbwa na kimondo kwenye sayari ya Mirihi, Agosti 2012, na mwezi uliofuata wanasayansi wake wakatangaza wameona mwamba wa kokoto zilizoshikamana. Zilikuwa za mviringo, rangi mbalimbali, nyingine kubwa mno kubebwa na upepo wa huko. Angahewa ya Mirihi haifikii hata asilimia 1 ya mgandamizo wa hewa yetu. Upepo wake hupeperusha vumbi na mchanga, si kokoto. Walikadiria maji ya kina cha kati ya kifundo cha mguu na nyonga. Mimi ushahidi huo ulinishawishi mara moja, kwa sababu ya ule mchanganyiko.

Lakini upepo huo mnyonge usiudharau, una muda. Katikati ya Gale kuna Mlima Sharp, wenye kimo cha kilomita 5 hivi, wa matabaka juu ya matabaka. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba matabaka hayo yalienea mbali zaidi kretani, upepo ukayala kwa mabilioni ya miaka, na mlima ndio uliosalia.

Mwezini hakuna upepo wala maji. Kuna vimondo vidogo vidogo vinavyotwanga mawe polepole sana, kiasi kwamba nyayo za wanaanga wa mwaka 1969 bado zipo.

Kinachonisisimua zaidi ni Titani, mwezi wa Zohali. Chombo cha Huygens kilitua huko tarehe 14 Januari 2005, kikapiga picha za mabonde yenye matawi, na pale kilipotua, kokoto za mviringo juu ya uwanda. Baridi ya huko ni kama nyuzi 179 chini ya sifuri, kwa hiyo barafu ya maji ni ngumu kama mwamba, na kinachonyesha na kutiririka ni methani. Mvua nyingine, mwamba mwingine, kazi ile ile.

NASA imepanga kurusha helikopta ya Dragonfly mwaka 2028 ifike Titani 2034. Itatua kwenye matuta ya mchanga karibu na kreta ya Selk. Ningekuwa mimi ningeipeleka kwenye mito na bahari za kaskazini, lakini wakati huo kaskazini itakuwa majira ya baridi, gizani, na hakuna njia ya kuwasiliana na Dunia moja kwa moja.