Aegina: kisiwa, binti wa mto na ukoo wa Aeacus

Kisiwa cha Aegina kimo katika Ghuba ya Saroniki nchini Ugiriki, mwendo mfupi wa meli kutoka bandari ya Piraeus. Visasili vya Wagiriki wa kale vinasimulia kwamba jina hilo ni la binti wa Asopos, mungu wa mto, ambaye Zeus alimtorosha hadi kisiwani akazaa naye mwana, Aeacus. Kwa kuwa kisiwa hakikuwa na watu, Zeus aliwageuza sisimizi kuwa wanadamu ili mwanawe apate raia wa kuwatawala.

Wenyeji hawakuichukulia simulizi hiyo kama ngano ya kuwalaza watoto. Kwao ilikuwa nasaba, na nasaba ilikuwa heshima ya nchi. Aeacus aliwazaa Peleus na Telamon, nao wakawazaa Achilles na Ajax, mashujaa wa vita vya Troia. Mwanahistoria Herodotus anaeleza kwamba mwaka 480 KK, siku chache tu kabla ya vita vya majini vya Salamis dhidi ya Waajemi, Wagiriki walituma merikebu hadi Aegina kumchukua Aeacus na ukoo wake waje kuwasaidia, ingawa wote hao walihesabiwa kuwa wafu wa zamani za kale. Vita vilipokwisha, ni watu wa Aegina waliosifiwa kwa ushujaa kuliko wote.

Fahari hiyo ilichongwa pia katika hekalu la mungu wa kike Aphaia, lililojengwa karibu na mwaka 500 KK. Chini ya paa, upande wa mashariki na wa magharibi, ziliwekwa sanamu za marumaru za mapigano ya Troia, na kwenye kona ya mashariki yumo askari aliyejeruhiwa, ngao ingali mkononi, akijikaza asilale chini. Sanamu hizo zilifukuliwa mwaka 1811, na leo nyingi ziko Munich, Ujerumani. Kwa maoni yangu, huyo askari peke yake anatosha kuifanya safari ya huko iwe na maana.

Hata Athens, hasimu mkubwa wa Aegina, ilimtaka Aeacus awe upande wake, ikamjengea mahali patakatifu katika uwanja wa soko lake. Heshima hiyo haikuwafikia watu wa kisiwa chake: mwaka 431 KK Waathens waliwafukuza wote, pamoja na wake na watoto wao, wakaweka walowezi wao wenyewe.