Kushona nguo mpya kutokana na nguo kuukuu: maana yake

Shati lililochakaa ukosi na kutoboka kwapani bado lina mgongo mzima. Fundi akilifumua, akauchukua mgongo huo na kuushonea gauni la mtoto, amefanya kile ambacho siku hizi huitwa apsaiklingi: kuigeuza nguo iliyokwisha kazi kuwa kitambaa cha kushonea nguo nyingine, yenye thamani kuliko ilivyokuwa ile iliyochakaa.

Hapo kwenye thamani ndipo penye dhana yenyewe. Kutia kiraka ni kurekebisha tu, nguo inabaki ileile. Kuichana iwe matambara ya kupigia deki ni kuitumia tena, ila thamani imeshuka. Kiwandani nako nguo huchanwa hadi zikawa nyuzi, na nyuzi hizo hutoka fupi na dhaifu, kwa hiyo mara nyingi huchanganywa na mpya. Mjerumani Reiner Pilz aliisema tofauti hii mwaka 1994, tena akizungumzia matofali wala si nguo: kuyaponda ni kuyashusha, kinachotakiwa ni kuvipandisha thamani vitu vya zamani.

Kazi yenyewe ni ya kale kuliko jina. Nguo zilipoanza kuuzwa kwa kuponi Uingereza mwaka 1941, suti za wanaume waliokwenda vitani zilifumuliwa zikawa za wake zao.

Ugumu uko kwenye ubunifu. Mwenye jora huchora anachotaka, kisha hukata. Mwenye nguo kuukuu hufumua kwanza, akatandaza vipande mezani, ndipo ajue anaweza kuchora nini. Suruali ya jinzi, kwa mfano, haina kipande kipana popote. Ndiyo maana sketi itokanayo nayo huongezwa pembetatu katikati ya miguu iliyofumuliwa. Uelekeo wa nyuzi nao haudanganyiki: kipande kilichokatwa mshazari huvutika, na kikiunganishwa na kilichokatwa wima, mshono hujikunja. Ukikunjua upindo utakuta mstari wa rangi ambayo haijapauka, na matundu ya sindano ya zamani. Ama uyafiche, ama uyafanye pambo. (Mimi napenda yaonekane.)

Faida moja husahaulika: kitambaa kilichofuliwa mara nyingi kimekwisha kurudi, hakitakupungukia tena. Bitana mpya utakayokitia ndiyo itakayorudi, basi iloweshe na kuikausha kabla ya kukata.

Mbunifu wa Ubelgiji, Martin Margiela, mwanzoni mwa miaka ya 1990 alifumua soksi za kijeshi akazishona kuwa sweta. Visigino vya soksi vina uvimbe, na uvimbe huo hautoki hata ukipiga pasi. Aliviweka kwenye viwiko na kifuani.