Uhalisia pepe si video, wala si uongo

Wiki iliyopita dada mmoja ninayefanya naye kazi ya kutunza wazee hapa Massachusetts alituma picha kwenye kundi letu la WhatsApp: wazee sita wameketi mbele ya televisheni kubwa, samaki wa rangi wanaogelea. Chini akaandika, "Leo wazee wetu wamepata uhalisia pepe." Siku chache kabla, kaka mwingine alikuwa ameeleza humo humo kwamba uhalisia pepe ni "uongo wa kompyuta wa kuwachangamsha wazee." Wote wawili nawaheshimu, na kazi wanaipenda. Lakini wamekosea, na kosa lenyewe haliishii kwenye maneno. Linamfikia mzee aliyekaa kitini.

Maana kwanza, kwa haraka. Uhalisia pepe ni mandhari iliyotengenezwa kwa kompyuta au kunaswa kwa kamera maalumu. Mtu huiona kwa kuvaa miwani mikubwa inayoziba macho yote, nayo mandhari hubadilika kufuata kichwa chake. Akitazama kushoto, anaona kilichoko kushoto. Akiinua uso, anaona anga. Basi.

Tatizo liko kwenye neno pepe. Wengi tulilizoea kupitia barua pepe, kisha tukasikia sarafu pepe, tukadhani ni neno lililozaliwa na kompyuta. Ni la zamani. Mzizi wake ni wa Kibantu, unahusu kuvuma na kupepeta, na ukoo wake tunauona kila siku: upepo, pepea, pepeta, kipepeo, hadi pepo. Kwa mtu aliyelima mpunga, pepe ni punje tupu isiyo na kiini, ile inayoruka unapotikisa ungo. Nilipomwambia mama kwenye simu kwamba kazini tunawavisha wazee miwani ya uhalisia pepe, alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Pepe za mpunga, au pepe za mapepo?"

Lilikuwa swali la haki kabisa. Sikio lake lilisikia kitu kitupu au kitu cha kuogofya, na hakuna mzee atakayekushukuru kwa kumpa kimojawapo.

Halisi nalo lina asili yake. Limetoka kwenye Kiarabu, khalis, kilicho safi, kisichochanganywa na kingine, na ndiyo maana tunasema asali halisi. Sasa weka asali safi upande mmoja na punje tupu upande wa pili, utaona kaka yangu alivyofika kwenye "uongo." Njia aliyopita inaeleweka, ila dhana iliyotafsiriwa haikuwa na utupu ndani yake. Neno la Kiingereza lililotupatia hili pepe, virtual, lina shina la Kilatini, virtus, yaani nguvu au uwezo. Wanafalsafa wa zama za kati walilitumia kwa kitu ambacho nguvu yake ya kutenda ipo ingawa umbo lake halipo. Mwaka 1938 Mfaransa Antonin Artaud aliuita mchezo wa jukwaani kwa jina hilo hilo la uhalisia pepe, kwa lugha yake, na katika miaka ya 1980 Jaron Lanier, mwanzilishi wa kampuni ya VPL Research, akalieneza kwa mashine za kuvaa. Naupenda sana mfano wa jukwaa. Mwigizaji hafi kweli, lakini anayelia kwenye viti analia kweli.

Kwa hiyo nilimjibu mama: ni pepe ya upepo. Upepo huuoni, lakini nguo kwenye kamba zinacheza.

Nimeziona zikicheza. Tuna bibi mmoja aliyepita miaka themanini, aliyezaliwa ng'ambo ya bahari, ambaye kuna asubuhi hasemi maneno matano. Siku moja tulimwekea kwenye miwani picha za mzunguko, zile zinazoonyesha pande zote, za mtaa aliokulia. Alikaa kimya. Kisha mkono wake wa kulia ukainuka taratibu, vidole vikajikunja kama vinavyoshika kitasa, kiganja kikapanda juu kidogo kabla ya kusukuma. "Linakwama," akasema. "Lazima ulinyanyue kwanza." Lilikuwa lango la kwao. Mbele yake palikuwa na hewa na meza ya chai, ila mkono ulikuwa bado unakumbuka uzito wa lango lile. Alizungumza mpaka chakula cha mchana: baba yake aliyekuwa akiahidi kulitengeneza lango na asilitengeneze, mbwa wa jirani, njia ya shule. Sasa katika hayo yote, uongo uko wapi?

Nalisisitiza hili kwa sababu ukishaliita uongo, unaanza kulitumia kama uongo. Mahali nilipopata kufanya kazi zamani, mhudumu alimvisha miwani mzee mwenye maradhi ya kusahau na kumwambia, "Tumefika Ireland, mzee." Muda ulipokwisha akamvua. Mzee akaanza kutafuta begi lake. Alilitafuta chini ya kitanda, akalitafuta kabatini, na hadi jioni alikuwa anauliza nani kamrudisha bila mizigo. Miwani haikumdanganya. Aliyemdanganya ni mtu. Angeambiwa, "Mzee, uko hapa nami chumbani, nataka nikuonyeshe Ireland," angetazama, angefurahi, na begi lisingekuwepo la kutafutwa. Kwa upande mwingine nimeona binti akikataa kabisa mama yake asivishwe, kwa kuwa alielezwa kwamba ni vitu vya uongo. Nani angemlaumu?

Nije kwa samaki wa dada. Mwaka 1838 Mwingereza Charles Wheatstone alieleza kifaa kinacholipa kila jicho picha yake, tofauti kidogo na ya mwenzake, na ubongo ukaziunganisha zikawa na kina. Ilikuwa picha ya ajabu, lakini ilibaki picha: ukigeuza shingo, umeipoteza. Ilipofika 1968, Ivan Sutherland na wanafunzi wake Marekani walionyesha kifaa cha kuvaa kichwani, kilichounganishwa na mtambo ulioning'inia kutoka darini, ambacho mchoro wake ulibadilika kufuata kichwa cha mvaaji. Kati ya Wheatstone na Sutherland kuna miaka 130, na tofauti ninayoizungumzia imo humo. Samaki wa kwenye televisheni hawajui kwamba umegeuza shingo.

Na mwili wa mzee unaijua tofauti hiyo kuliko sisi. Kwenye uhalisia pepe macho yanaweza kusema "tunakwenda" huku sikio la ndani, linalotunza mizani ya mwili, likisema "tumekaa." Hapo ndipo kichefuchefu na kizunguzungu huanzia. Ndiyo maana tunaanza na mandhari iliyotulia, dakika chache tu, kwenye kiti imara, na kama kina magurudumu breki zimefungwa. Mkanda ukikibana kifaa cha kusikia, kinapiga mluzi sikioni mwa mzee, na wengi hawasemi, wanavumilia. Miwani yake ya kawaida inahitaji nafasi. Na usimguse bega kabla ya kumsemesha, maana hakuoni. Mkono unaotokea hewani unamshtua mtu wa umri wowote. Watafiti wa Stanford walifanya jaribio na watu 245 wa kati ya miaka 65 na 103 wanaoishi kwenye makazi ya wazee, na karibu asilimia 80 walisema walijisikia vizuri zaidi baada ya kutazama. Lakini wale ambao macho na masikio yamefifia walifurahia kidogo kuliko wenzao. Sikushangaa. Robo tatu ya kazi yetu ni kuweka vizuri lenzi na mkanda.

Kwa hiyo, dada yangu, wale samaki ni video, na ni video nzuri. Wazee wanawapenda, endelea kuwawekea, ila uandike video, ili zamu ya usiku isidhani wazee wameshazoea miwani. Jumanne nakuja nayo. Kaa wewe kwanza kwenye kiti, funga breki, uivae, kisha geuza shingo polepole. Na wewe kaka, ndugu wa mzee wakikuuliza, waambie tunamwonyesha mahali ambapo hayupo, na yeye mwenyewe anajua kwamba hayupo.