Kaliba ni upana tu

Kaliba ni upana wa tundu la mtutu wa bunduki, au upana wa kichwa cha risasi kinachopita humo. Basi. Hupimwa kwa milimita au kwa inchi, ndiyo maana bunduki ya 375 huandikwa na nukta mbele: ni inchi 0.375, yaani milimita 9.5 hivi. Si nguvu, si mwendo, si uzito, wala si cheo cha bunduki.

Naandika haya kwa sababu kila ikisikika habari ya nyati aliyejeruhiwa huko Rungwa au tembo walioingia mashambani Chemba, vijiwe vya hapa Dodoma huanza ubishi uleule. "Alimpiga na kaliba ndogo." "Angekuwa na 458 angemlaza palepale." Nadhani redio za mpira zimechangia. Tumezoea kusikia mchezaji wa kaliba ya juu na kocha wa kaliba kubwa, na bunduki nayo tukaipandisha daraja kwa neno hilohilo.

Inayosahaulika katika ubishi huo ni risasi yenyewe. Tunaita risasi kitu kizima, ilhali kina sehemu nne: kichwa kinachoruka, ganda la shaba, baruti iliyomo ndani ya ganda, na fataki iliyo kitakoni mwa ganda ya kuiwasha hiyo baruti. Kaliba inakupa habari za kichwa peke yake, tena upana wake tu. Ganda lina urefu gani, lina baruti kiasi gani, haisemi. Na nguvu inatoka humo.

Chukua risasi ya SMG, ile ya askari, na risasi ya 30-06 ya mwindaji wa tandala, uzisimamishe mezani. Watu husema zote ni 7.62, na kweli vichwa vyake vinakaribiana: cha SMG kina milimita 7.9, cha 30-06 kina 7.8. Lakini ganda la SMG lina urefu wa milimita 39 na la pili 63. Ya kwanza inatoka mtutuni na nguvu ya jouli 2,000 hivi, ya pili karibu mara mbili yake. Yenye kichwa chembamba kidogo ndiyo yenye nguvu zaidi.

Hata hiyo 458 inayosifiwa ina ndugu yake mzee, 45-70 ya Marekani ya mwaka 1873. Kichwa chake nacho kina upana wa inchi 0.458. Ile ya zamani ilijazwa baruti nyeusi na nguvu yake ilikuwa jouli 2,000 na ushee. Winchester walipotoa 458 Magnum mwaka 1956 kwa ajili ya wanyama wakubwa wa Afrika, nguvu ilikaribia mara tatu ya hiyo. Ukisema tu "kaliba 458" hujaniambia ni ipi kati ya hizo mbili.

Na ukitaka kucheka, tazama shotgani namba 12. Namba hiyo haipimi inchi wala milimita, inahesabu magololi ya madini ya risasi: kumi na mawili yenye upana wa tundu hilo yanatimiza ratili moja. Tundu lenyewe lina milimita 18.5, karibu mara mbili ya 375. Kwa hesabu za kijiweni, marisau ya kupigia kanga ndiyo yangekuwa dawa ya nyati. Nenda ukajaribu, sisi tutakuja msibani.

Halafu kuna majina. Namba iliyo kwenye jina la risasi ni jina, haikuahidi kuwa kipimo. Mtutu una mifuo ndani, ile mistari inayoipa risasi mzunguko. Wengine hupima kutoka mgongo ulio kati ya mifuo hadi mgongo wa upande wa pili, wengine kutoka shimo la mfuo hadi shimo la mwenzake. Bunduki ya 303 ya Mwingereza ilipewa jina kwa kipimo cha kwanza, ndiyo maana kichwa chake kina inchi 0.311. Risasi za 30-06, 308 na 300 Winchester Magnum zinatumia vichwa vya upana uleule, inchi 0.308, hiyo 06 ni mwaka 1906. Ile 404 ya Jeffery, kichwa chake ni inchi 0.423. Nani atakuelewa ukipanga ubora kwa namba hizi?

Nakubali sheria nayo imetuchanganya. Kanuni za uwindaji zinataka bunduki isiyopungua 375 kwa wanyama hatari kama nyati na tembo, na mtu akisikia hivyo anadhani namba ndiyo inayoua. Upana ni rahisi kukagua. Iliyokusudiwa hapo ni 375 ya Holland & Holland ya mwaka 1912, yenye kichwa cha gramu 19 na nguvu ya jouli 5,700 hivi. Lakini ipo pia 375 Winchester ya mwaka 1978, upana uleule, nguvu karibu nusu.

Mwishoni mwa ubishi, anayetaka kuonyesha kwamba hata kaliba ndogo inatosha humtaja Walter Bell, yule Mskoti aliyeua tembo zaidi ya elfu moja mwanzoni mwa karne iliyopita, wengi wao kwa bunduki ya milimita 7. Wanaomtaja husahau kwamba alitumia vichwa virefu, vigumu, visivyofunguka, na alijua ubongo wa tembo ulipo kutoka kila upande. Kichwa laini cha milimita 7, kilichotengenezwa kwa ajili ya swala, kingetawanyika kwenye mfupa kabla ya kufika huko.

Kwa hiyo kaka, siku nyingine nyati akijeruhiwa, anza kuuliza alipigwa wapi, na kichwa kilikuwa kigumu au laini. Ukiridhika kwamba bunduki ndiyo iliyopungua, sema risasi yake ilikuwa na nguvu ndogo. Hapo hakuna atakayekubishia.