Kanieneo ya gesi: kwa nini pakiti ya krispi hutuna ikifika Mbeya

Ukipanda basi Dar es Salaam alfajiri ukiwa na pakiti ya krispi kwenye begi, itazame tena mkishaumaliza mlima Kitonga. Imetuna kama shavu la mtoto aliyejaza uji mdomoni. Mkifika Mbeya imekaza, ukiigonga kwa kidole inalia kama ngoma. Hakuna aliyeifungua wala aliyeongeza hewa. Kilichobadilika kiko nje ya pakiti: kanieneo ya hewa, ambayo mtaani tunaiita presha.

Gesi ni molekuli, yaani chembe ndogo mno, zinazokwenda mbio kila upande bila kupumzika. Kwenye jiwe chembe zimeshikana. Kwenye maji zinateleza huku zimegusana. Kwenye gesi zimeachana mbali kiasi kwamba sehemu kubwa ya ujazo wake ni nafasi tupu. Ndiyo maana gesi haina umbo wala ujazo wake yenyewe. Ukiiweka kwenye puto inajaza puto, ukiiachia chumbani inajaza chumba. Nafasi hiyo tupu ndiyo inayofanya ibanike. Chukua bomba la sindano lisilo na sindano, ziba tundu kwa kidole, kisha sukuma: likiwa na hewa litakubali, likiwa na maji litagoma.

Molekuli hizo zinagonga kila kinachozizuia. Kipigo kimoja si kitu, lakini vipigo vyote vinavyoangukia eneo fulani kwa pamoja ndivyo vinavyofanya kanieneo. Usawa wa bahari, hewa inatusukuma kwa kilopaskali (kipimo cha kanieneo) 101 hivi. Mbeya mjini, mita 1,700 hivi juu ya bahari, hewa iliyobaki juu yetu ni pungufu, na kanieneo inashuka hadi kama kilopaskali 83. Gesi ya ndani ya pakiti ilifungiwa pwani, inasukuma kwa nguvu za pwani. Nje imekutana na mpinzani mnyonge. Basi inatanuka mpaka plastiki iizuie.

Mwanasayansi Robert Boyle alilieleza hili mwaka 1662: joto lisipobadilika, kanieneo ikipungua ujazo unaongezeka kwa uwiano uleule, na kinyume chake. Safari ya kurudi ndiyo inayoonyesha vizuri zaidi. Kunywa maji yote ya chupa ya lita moja ukiwa Mbeya, funga kifuniko vizuri, shuka nayo Dar. Utaikuta imebonyea ubavuni kama imekaliwa. Kwa hesabu ya Boyle, hewa ile ya lita moja inataka kubaki mililita 820 tu. Joto la Dar linairudishia kidogo, kwa sababu gesi ikipata joto molekuli zake zinaongeza mbio na kugonga kwa nguvu zaidi.

Habari hiyo ya joto, waendesha baiskeli wa Njombe na Makambako wanaijua bila darasa. Tairi lililojazwa mchana linalegea kidogo asubuhi ya Julai, na fundi anasingiziwa pancha. Joto likishuka kutoka nyuzi 27 hadi 7, yaani kelvini 300 hadi 280, kanieneo nzima ya ndani inapungua kwa sehemu moja kati ya kumi na tano. (Hesabu za gesi hufanywa kwa kelvini, yaani nyuzi za kawaida ukiziongezea 273. Ukitumia nyuzi za kawaida utapata kituko, na wanafunzi wengi hupoteza alama hapo.)

Tukija jikoni, maji huchemka pale mvuke wake unapopata nguvu ya kusukuma sawasawa na hewa iliyo juu yake. Hewa ya Mbeya ikiwa nyepesi, mvuke haungoji nyuzi 100. Maji yanatokota kwenye nyuzi 94 au 95. Kwa hiyo maharage yanayotokota kwa kishindo Mbeya yanaiva kwenye maji yasiyo na moto wa yale ya Dar, na kuongeza kuni hakusaidii, maji yanakauka tu. Sufuria ya presha inaufungia mvuke ndani, kanieneo inapanda, maji yanavuka nyuzi 100, na maharage yanalainika mapema.